Sekunde Kumi na Moja za Ezelina Mlowe

Kila Jumapili baada ya ibada ya pili, watu watatu walikutana kwenye karakana ya Gerevasi Msigwa, nyuma ya soko la Njombe, kusikiliza nyimbo za mwanamke ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona. Walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka tisa. Gerevasi alikuwa seremala, na kwa kuwa karakana ilikuwa yake, chai nayo ilikuwa juu yake. Mwalimu Nyagawa alifundisha hesabu sekondari, na alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia leo ni Jumapili alitaka kwanza kujua umehesabu kuanzia wapi. Wa tatu alikuwa Tunsume Mwaisaka, fundi wa Maktaba ya Sauti ya mkoa. Alikuwa mdogo kwao kwa miaka ishirini na zaidi, lakini wote wawili walikubali, jambo ambalo halikuwa la kawaida, kwamba masikio ya kweli mle ndani yalikuwa yake.

Mwanamke waliyemsikiliza aliitwa Ezelina Mlowe. Mashabiki walimwita Mama Nusu, kwa sababu ilisemekana kila alipomaliza kutengeneza wimbo alikaa nao chini, akafuta nusu yake. Miaka arobaini nyuma, wakati wenzake wakijaza nyimbo zao milio mia na mia mbili, yeye alikuwa na simu moja yenye kioo kilichopasuka, spika moja, na kinasa sauti cha kaseti ambacho kanisa lilikuwa limekitupa. Alitengeneza mlio kwenye simu, akaupiga kwa spika jikoni kwake, akaunasa kwenye kaseti pamoja na jiko lenyewe, bati na sufuria na mvua kama ilikuwepo. Hapo kazi imekwisha. Kutokana na vitu hivyo vitatu zilipatikana nyimbo ishirini na sita, kisha akanyamaza, akabaki kwao Lupembe kulima kabichi.

Jumapili ile walikuwa wamefika kwenye wimbo wa nne wa mkusanyo wa kwanza. Nyimbo nyingine zote zina majina kwenye jalada. Mbele ya namba nne pako wazi. Mashabiki waliuita Ule wa Kumi na Moja, kwa sababu katikati yake, ngoma ikiwa imeshakukolea mwilini, kila kitu hukatika, na kunakuwa kimya kwa sekunde kumi na moja. Kisha ngoma inarudi. Redio hazikuweza kuupiga ulivyo. Mitambo yao ilipangwa kujaza kimya chochote kinachozidi sekunde tatu, kwa hiyo msikilizaji wa redio alipata tangazo la mbolea katikati ya wimbo. Gerevasi aliwahi kwenda hadi kituoni kulalamika, amevaa koti alilofungia ndoa.

Kila mmoja alikuwa na maelezo yake juu ya kimya kile. Mwalimu Nyagawa alisema ni hesabu; kumi na moja haigawanyiki, na alikuwa amewahi kujaza ubao mzima kuthibitisha kwamba wimbo wote umejengwa juu ya namba hiyo. Gerevasi alisema mvua ilikuwa ikipiga bati siku ile, na mama wa watu alikuwa anaisubiri ipungue. Tunsume alisema ni ujasiri. Kunyamaza mbele za watu, kwa maoni yake, kulihitaji moyo kuliko kupiga kelele.

Walipomaliza kubishana, Tunsume akawapa habari aliyokuwa ameishika tangu Ijumaa. Kaseti yenyewe, ile ya kwanza, ilikuwa imefika kazini kwao. Mtayarishaji wa Iringa aliyekuwa akiitunza alifariki, na wanawe wameikabidhi Maktaba. Mkuu wake, Bwana Mahenge, amemtaka aifukue, na kitakachopatikana kirushwe kwenye tamasha la kuadhimisha miaka arobaini ya muziki ule.

Gerevasi aliweka kikombe chini. Mwalimu aligeuka kutazama kikapu cha simu kilichoning'inia mlangoni. Kila nyumba ya Njombe ilikuwa na kikapu kama kile. Tangu kifukuo, mtambo wa kufukua sauti zilizofutwa, kiingie nchini, miaka kumi na miwili ilikuwa imepita, na watu walikuwa wamejua kwamba jambo likishanaswa na mashine yoyote halifutiki tena. Unaweza kubonyeza kufuta mara mia, na bado kifukuo kitalitoa. Kwa hiyo ndugu walipokaa kuzungumzia posa au mirathi, simu zilitangulia kikapuni, na vijana waliokuwa wakitupiana matusi kwa simu walijifunza kupima maneno. Lakini pia wajane walikuwa wakitoka Maktaba wamekumbatia sauti za waume zao. Kifukuo kilikuwa na mema yake.

Gerevasi alitaka kusikia. Alisema wamekula nusu ya chakula miaka tisa, sasa sufuria limefunuliwa, na yeye hawezi kujifanya ameshiba. Mwalimu ndiye aliyewashangaza.

"Gerevasi," alisema, "ukikata ubao ukapata kiti, halafu akaja mtu kukuunganishia tena maranda yote uliyoyafagia, utamshukuru?"

Gerevasi alijibu kwamba maranda ya fundi mkubwa yeye angeyaweka kabatini. Wakamgeukia Tunsume awaamulie. Tunsume akasema hilo ni agizo la kazi, yeye hana la kuamua. Lakini alipokuwa akirudi nyumbani alijua moyoni kwamba hata kama pangekuwa na la kuamua, alitaka kusikia kuliko wote.

*

Alikuwa na sababu ya kukiheshimu kifukuo. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano, na hakuacha sauti yake popote, ila kulikuwa na kaseti moja ya kwaya iliyorekodiwa juu ya kitu kingine. Tunsume alipokuwa kidato cha nne, mama yake aliipeleka Maktaba. Chini ya kwaya alikutwa baba yake akiuliza kiberiti kimewekwa wapi. Ilikuwa hiyo tu, swali la kiberiti, na mama yake kwa mbali akijibu kiko juu ya kabati. Tunsume alilia wiki nzima. Alipomaliza masomo aliomba kazi pale pale.

Jumatatu asubuhi aliiweka kaseti ya Ezelina kwenye mtambo kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Kazi yenyewe haikuwa uchawi. Utepe wa kaseti umepakwa unga wa chuma, na sauti ikinaswa, punje za unga ule hugeuka kuelekea upande mmoja, kama ngano upepo ukipita. Ukinasa sauti nyingine juu yake, punje nyingi hugeuka upya, lakini si zote. Chache huwa na ukaidi, hubaki zimetazama kule kule. Kifukuo husoma punje hizo moja moja, kikazipanga kwa umri, kikatoa tabaka la juu, kisha la chini yake, na la chini zaidi. Fundi husikiliza na kukiambia mahali pa kusimama.

Nyimbo tatu za mwanzo zilimpa alichokitarajia: zeze lililofutwa, mbinja, mlio wa ajabu uliodumu dakika moja ambao Gerevasi angeufurahia sana. Alipofika wimbo wa nne alivuta kiti karibu.

Tabaka la juu lilikuwa lile linalojulikana na watu wote. Tabaka la chini yake lilikuwa jiko tupu, halafu, ndani ya zile sekunde kumi na moja, palikuwa na mtu. Alikuwa kijana wa kiume, amekaa kwenye kiti kinacholialia. Alivuta pumzi. Alisema "K", akasimama. Akasema tena "K… k…", kisha koo likafunga kabisa, ikabaki kiti kulia chini yake jinsi alivyokuwa akijikaza. Karibu na kinasa sauti, msichana alisema kwa sauti ya chini sana, "Taratibu. Nipo." Kijana akajaribu tena. Halafu ngoma ikaanza.

Kazi ilimtaka Tunsume aitenge ngoma na kilicho chini yake, naye akaitenga. Chini ya pigo la kwanza kabisa alimkuta yule kijana. Neno lilikuwa limetoka. Lilikuwa neno moja tu, zima, limetamkwa wazi na kwa furaha, na hakuna aliyeliitikia. Yalifuata mapigo mengine matatu, kisha kiti kikasukumwa nyuma, na mlango ukafungwa kwa nguvu.

Alivua vipokea sauti. Saa nne asubuhi, watu wakipita nje na shughuli zao, na yeye alijiona kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mzee wake ndani.

Fomu ya ripoti ilikuwa mezani. Sheria ya Sauti Zilizofukuliwa ilikuwa wazi, naye aliijua kwa moyo. Sauti ni mali ya mwenye kaseti, yaani Maktaba. Ripoti ikishawekwa muhuri, kila raia ana haki ya kuisikia. Ndugu wa karibu wa mwenye sauti anaweza kuweka pingamizi, lakini ni kabla ya muhuri, na ni lazima aandike jina la mwenye sauti na sababu, na jina hilo na sababu hiyo hubandikwa hadharani. Tena fundi haruhusiwi kuzungumza na mhusika yeyote kabla ya kuripoti. Tunsume alikuwa amewafundisha mafundi wapya kifungu hicho yeye mwenyewe.

Alimwambia Bwana Mahenge kwamba utepe umechakaa na anahitaji siku chache. Jambo hilo halikuwa kweli. Jumatano akaomba ruhusa, akapanda basi la Lupembe.

*

Ezelina Mlowe alikuwa na miaka sitini na miwili, mwembamba, amevaa mabuti ya mvua, katikati ya matuta ya kabichi. Nyuma ya nyumba yake mashamba ya chai yalishuka hadi bondeni, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka.

"Kamwene, mama," Tunsume alimsalimu.

"Kamwene, mwanangu. Karibu."

Kwa miaka tisa Tunsume alikuwa amepanga atakachomwambia mwanamke huyu siku wakikutana: jinsi wimbo wa pili ulivyomtoa kitandani mwaka aliougua, jinsi alivyojifunza kusikiliza jiko kabla ya muziki. Yote yalimkimbia. Alijitambulisha kuwa ni fundi wa Maktaba ya Sauti, akasema kaseti ya kwanza iko kwao, na kwamba ameagizwa kuifukua na ameifukua.

Ezelina alisimika jembe. Aliuliza swali moja, amefikia wimbo gani.

"Wa nne, mama."

Akamwambia waingie ndani. Jiko lilikuwa dogo, lenye dari ya mbao, na Tunsume, ambaye hakuwahi kukanyaga pale, alilitambua. Ezelina alipofunika sufuria, chumba kiliitikia vile vile kinavyoitikia kwenye nyimbo zote ishirini na sita.

Alimweleza akiwa anamenya viazi, bila kumtazama. Kijana yule alikuwa mdogo wake, Amosi, wamepishana miaka miwili. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Shuleni wenzake walimmalizia maneno au walimcheka, na kati ya hayo mawili alichukia zaidi kumaliziwa. Ngoma ya wimbo wa nne ilikuwa yake. Aliipiga kwa vidole juu ya meza, Ezelina akaigeuza kuwa mlio kwenye simu. Wimbo ulikuwa wao wote wawili. Amosi alisema ana jina la wimbo huo, lakini hatamwambia. Atalitamka mwenyewe katikati ya wimbo, litoke kwenye kaseti, na atakayesikiliza atajua kwamba amelisema yeye. Ndiyo maana Ezelina aliukata muziki pale, ili kumpisha.

"Akakwama," alisema. "Akatoka nje. Aliporudi aliniomba nifute, na niape kwamba hatasikiwa na mtu. Nikaapa. Nikafuta sauti yake jioni ile ile. Muda wake sikuugusa. Niliona nikiukata na huo nitakuwa nimemfukuza."

Baada ya hapo, alisema, aliona kila wimbo, hata zile tatu za mwanzo, una mambo mengi mno, naye akawa anafuta. Watu wa mbali wakaandika makala kuusifu usanii wa vitu vichache. Hakuwakatalia. Amosi alifariki mwaka uliofuata, lori la mbao lilipopinduka kwenye kona ya Kifanya. Tangu siku ile ya jikoni hakukubali tena kunaswa na mashine yoyote, si kwenye harusi, si kwenye simu. Hakuna sauti yake nyingine duniani. Na Ezelina, kwa kuogopa asije mtu akauliza, hakuliandika hata jina lake kwenye jalada.

Kisu kilisimama.

"Nataka kukuuliza kitu, na unijibu. Nilibonyeza ngoma mimi. Miaka yote nimewaambia wachache wanaojua kwamba nilimwonea huruma, nikamwokoa. Si kweli. Nilichoka kusubiri. Mimi, dada yake. Sasa niambie. Ningeendelea kusubiri, angefika?"

Tunsume aliyasikia maji yakichemka. Angeweza kusema hapana. Lilikuwa jibu jepesi, lingempa mwanamke yule usingizi kwa siku zake zote zilizobaki, na hakuna mtu mwingine aliyejua. Kweli ilikuwa mbaya zaidi, kwamba mdogo wake alifika wakati ule ule yeye alipokata tamaa, na dada akampigia ngoma juu ya neno lake. Lakini Tunsume alikumbuka ile furaha aliyoisikia chini ya pigo la kwanza. Akisema hapana, basi kijana yule atakuwa amenyang'anywa neno lake mara ya pili, na safari hii mnyang'anyi ni yeye.

"Alifika, mama," alisema. "Alifika ngoma ilipoanza. Neno lake liko chini ya pigo la kwanza. Alilisema vizuri, na alilifurahia."

Ezelina aliweka kisu chini. Mikono yenye maji ilitua juu ya mapaja, na machozi yalimtoka. Tunsume hakumgusa. Alikaa tu.

Hatimaye Ezelina aliuliza ni neno gani.

"Kipanga."

Mwanamke yule alimtazama kama hakusikia vizuri. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akiwa bado analia, akajifuta kwa upindo wa kanga, akacheka tena, na ilibidi aegemee meza. Kipanga, alieleza alipoweza kusema, ilikuwa baiskeli ya baba yao. Baba aliipa jina la ndege yule kwa majivuno, ila yeye mwenyewe aliendesha polepole mno, hadi wanawake wenye mizigo kichwani walikuwa wakimpita mlimani na kumsalimia. Pedali yake moja ililegea, ikawa inagonga, na walipokuwa wadogo walijua baba anarudi kwa mlio ule wa pedali. Amosi alikuwa ameichukua ile na kuifanya ngoma.

"Na mimi sikuitambua," alisema. "Nimeipiga miaka arobaini, sikuitambua."

Tunsume alitoa kwenye begi kifaa kidogo na vipokea sauti, akaviweka mezani. Alisema nakala iko humo, ni moja tu, na kama mama anataka kumsikia, yeye atatoka nje akaangalie kabichi.

Ezelina alivichukua. Alivipima uzito mkononi, akavigeuza, akavisogeza hadi karibu na sikio. Vilikaa pale kwa muda ambao Tunsume alishindwa kuuhesabu. Kisha akavirudisha mezani na kuvisukuma kwa vidole viwili.

"Aliniomba asisikiwe na mtu," alisema. "Na mimi ni mtu."

Walikula viazi. Baada ya chakula Tunsume alimweleza habari ya sheria, na kwa kuwa aliona jinsi alivyoogopa kusikia neno "hadharani", akasema iko njia nyingine. Yeye ndiye fundi. Akiandika kwamba wimbo wa nne hauna kitu, hakuna atakayerudia kazi hiyo.

"Usidanganye kwa ajili yangu," Ezelina alimjibu. "Nimemficha vya kutosha. Aliniomba nifiche sauti, nami nikamficha mzima mzima. Hiyo fomu ina nafasi ya jina?"

Tunsume alisema ipo.

"Basi nitakuja mwenyewe."

*

Alikuja Ijumaa asubuhi, amevaa viatu vya ibada, akiwa na pingamizi ameliandika kwa mkono. Bwana Mahenge alimpokea kwa heshima kubwa. Hata yeye alikuwa na nyimbo za Ezelina nyumbani. Alimsihi. Alimwambia kwamba watu watakaosikia sauti ile watampenda Amosi, kwamba wako watoto wenye kigugumizi watakaopata moyo, na kwamba kweli ikishapatikana ni ya wote. Hakusema hayo kwa ujanja. Aliyaamini, na Tunsume aliyekuwa amesimama pembeni aliona kwamba yana uzito.

Ezelina alisikiliza hadi mwisho. Akasema hao watoto waambiwe kwamba alikuwepo kijana aitwaye Amosi Mlowe, alitunga ngoma hii akiwa na miaka ishirini, na alikuwa na kigugumizi. Hilo yeye atalisema kwa kinywa chake popote watakapomtaka. Lakini sauti si ya kaseti wala si ya dada. Mwenyewe alishaitolea uamuzi, na hayupo kuubadilisha.

Bwana Mahenge alisoma karatasi mara mbili, akalikubali pingamizi na kuligonga muhuri. Tabaka lile likafungwa kwa miaka hamsini, na nakala iliyokuwa kwenye kifaa cha Tunsume ikafungiwa pamoja nalo. Kisha akamgeukia Tunsume na kumuuliza ni vipi mama huyu alijua kilichomo kabla ya ripoti. Tunsume alimweleza yote, pamoja na uongo wa utepe kuchakaa. Akasimamishwa kazi miezi mitatu. Ezelina alijaribu kumwombea, Tunsume akamwambia mama aache. Adhabu ni halali, na angekuwa yeye mkuu angeitoa hiyo hiyo.

Walipotoka nje, zilikuwa zimebaki saa tatu kabla ya basi la Lupembe kuondoka. Tunsume akauliza, kwa aibu kidogo, kama mama angependa kusubiri mahali penye chai.

Gerevasi alikuwa akipiga randa mbao. Tunsume alipomtambulisha mgeni, aliendelea kupiga randa mara mbili tatu zaidi kwa sababu mikono haikuwa imepata habari, kisha akasimama na kuvua kofia. Alifuta kiti kwa kofia hiyo hiyo, akafuta tena, akatuma ujumbe shuleni. Mwalimu Nyagawa alifika kabla chai haijachemka, chaki bado iko mkononi, amewaachia kidato cha tatu maswali ya ukurasa mzima.

Ezelina aliwaambia mwenyewe. Hakuwaeleza yote. Aliwaambia kwamba alikuwa na mdogo wake, kwamba ngoma ni ya mdogo wake, na kwamba katika sekunde zile kumi na moja mdogo wake alikuwa akitafuta neno. Aliwaambia kuwa sauti ile haitasikiwa, kwa sababu mwenyewe hakutaka, na kwamba wimbo sasa una jina, unaitwa Kipanga. Pia aliwaambia lile lililokuwa gumu kuliko yote, kwamba yeye hakumngoja.

Mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu wenzake wamjue, hakuuliza swali. Alitazama chaki mkononi mwake, akaitia mfukoni. Gerevasi ndiye aliyejibu.

"Mama," alisema, "sisi hapa tumemngoja kila Jumapili kwa miaka tisa. Hatukujua tunamngoja nani. Hatukuwahi kuchoka hata siku moja."

Ezelina alimtazama. Akamtazama Mwalimu, akamtazama Tunsume, kisha akaitazama karakana yote, viti vitatu vilivyopangwa kuelekea spika, na vumbi la mbao lililofagiliwa ukutani kwa ajili ya wageni wasiokuja. Akauliza wako wangapi wanaosikiliza namna hiyo. Mwalimu akasema yeye anawafahamu mia nne na kumi na wawili kwa barua tu, toka Sumbawanga hadi ng'ambo, na kwamba kila mmoja ana maoni yake ya kipumbavu juu ya kimya kile. Ezelina akasema angependa kuyasikia.

Basi wakamweleza. Gerevasi alimweleza habari ya mvua kwenye bati. Mwalimu alimweleza ya namba isiyogawanyika, akapungukiwa na nafasi, akachora kwenye ubao wa kabati la mteja. Walianza kubishana, wakajikuta wamesahau kuona haya, na Ezelina aliwasikiliza, kidevu mkononi, kama mtu anayesikiliza watu wakimsifu mtoto wake kwa mambo ambayo mtoto hakuyafanya. Alipoambiwa kwamba kimya kile kina mapigo kumi na moja yaliyojificha, alisema Amosi angecheka sana, kwa sababu hesabu ndiyo iliyomtoa shule.

Chai ilipoisha aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akasema basi halimsubiri mtu. Akauliza ni nani kati yao ataweza kumsindikiza hadi stendi.

Walisimama wote watatu kwa pamoja. Ni Mwalimu Nyagawa aliyefunga mlango wa karakana, ingawa haikuwa yake, na walipofika barabarani alikuwa ameshaubeba mkoba wa Ezelina, akibishana na Gerevasi juu ya njia iliyo fupi.